Tuachieni ukingo wa lami, sisi wa baiskeli bado tupo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lenu niseme jambo moja ambalo limenikaa rohoni muda mrefu, na ni kuhusu baiskeli. Najua kurasa zenu saa hii zimejaa siasa na bei ya vitu lakini hii msiitupe, manake watu ninaowasemea ni wengi sana huku kwetu na hakuna anayewaandika. Mimi ni mama, naishi nje kidogo ya Tororo upande wa barabara ya Malaba, nafanya kazi ya hesabu kwenye duka la hadiwea mjini, na kazini naenda kwa baiskeli, nimeenda kwa baiskeli tangu nianze kuajiriwa na kabla ya hapo shuleni pia. Sio kwamba nimekosa nauli ya boda. Naipenda. Watu wananiuliza kwani bwanako hawezi kukununulia ata pikipiki, nawaambia pikipiki sijaiomba.

Jambo lenyewe ni hili. Barabara zetu za huku mashariki zinatengenezwa, nyingine zinapanuliwa, na ni vizuri, hakuna mtu analia kwa sababu ameletewa lami. Lakini kila lami ikija sisi wa baiskeli tunasukumwa pembeni, alafu pembeni penyewe panaisha. Kwenye karatasi ukingo upo, ile sehemu ya kando ya mstari mweupe ambayo ni ya watu wa miguu na baiskeli na gari iliyoharibika, mhandisi ukimuuliza atakwambia upo. Njooni muuone asubuhi saa moja. Hii ndio njia ya mizigo inayotoka Mombasa kuingia Uganda na kuendelea Rwanda, Kongo na Sudan Kusini, malori yanapita usiku na mchana, na madereva wakichoka wanaegesha pale pale kwenye ukingo, tanki la mafuta nyuma ya tanki la mafuta, turnboi amelala chini ya trela. Lori likipata pancha wanaweka mawe makubwa nyuma ya matairi lisirudi nyuma, wanakata matawi wanayatandaza barabarani ili wengine wajue kuna gari imekufa mbele, hiyo ndio alama yetu huku wote tunaijua. Wakimaliza kutengeneza wanawasha wanaenda. Mawe wanayaacha.

Yale mawe yanabaki kuwa yetu. Alfajiri kukiwa na ukungu huyaoni mpaka tairi la mbele limeshagonga, ukiyakwepa upande wa kulia unaingia kwenye lami yenyewe na basi liko nyuma yako linapiga honi, ukiyakwepa upande wa kushoto unaanguka nje kabisa manake ukingo umeliwa na mvua na matairi mpaka pana mshuko wa urefu wa kiganja kati ya lami na udongo, na tairi jembamba la baiskeli likishuka pale halipandi tena, linakutupa. Nimeona mzee aliyebeba trei za mayai ametupwa hivo, na nimeona mabaya zaidi ambayo sitaki kuyaeleza kwenye gazeti. Mimi huwa naegesha nayatoa mawe, nayaviringisha mpaka mtaroni, na watoto wa shule wakinikuta wanasaidia. Lakini kesho yake yapo mengine, na hiyo kazi sio yangu wala ya watoto wa shule.

Na msidhani tuko wachache. Simameni pembeni ya barabara yoyote inayoingia Tororo, au Busia, au Mbale, au Soroti, au nendeni Lira, muone nani anapita kabla jua halijapanda. Kuna mwashi na pima maji yake imefungwa kwenye fremu. Kuna mama wa ndizi, mikungu mitatu nyuma na mmoja umening'inia mbele. Wa maziwa. Wa mkaa, ambao hawaendeshi wanasukuma tu kwa sababu mzigo umezidi. Vijana wa madumu ya maji ya lita 20. Wanafunzi wawili kwenye baiskeli moja, mmoja kwenye keria anasoma daftari. Hawa wote ni watu wanaenda kazini na shuleni, ni wasafiri kama wasafiri wengine, lakini kwenye mipango ya barabara sijui wanahesabiwa wapi, manake ukisikia wakubwa wanaongea kuhusu usafiri wanaongea magari, mabasi, taksi na boda. Huku kwetu nchi ni tambarare, sio kama Kampala na vilima vyake, baiskeli inakupeleka umbali mkubwa bila jasho la ajabu, mtu akitembea kilomita tano anachukua saa nzima na kwa baiskeli ni dakika ishirini. Huwezi kupata kitu kingine cha kumsaidia mtu maskini saa yake namna hiyo bila kumdai mafuta kila siku.

Niseme kidogo nilivyoipenda, muelewe kwa nini nang'ang'ana.

Nilizaliwa kwenye kota za reli. Baba alikuwa mtu wa reli, na Tororo ni njiapanda, reli ya Kampala inapita hapa na ile ya kaskazini inachomokea hapa kwenda Mbale, Soroti, Lira, Gulu mpaka Pakwach, kwahiyo kwenye kota palikuwa na kila kabila na lugha ya wote ilikuwa Kiswahili, ndio tulikulia hicho. Baba alikuwa na Raleigh nyeusi aliyoinunua dukani kwa Mhindi kabla ya Amin kuwafukuza Wahindi mwaka 1972. Baada ya hapo maduka yakabaki rafu tupu na spea zikapotea. Tyubu ikawa kiraka juu ya kiraka. Tairi likipasuka baba analishona kwa sindano ya magunia, anaweka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, linaenda tena. Jumapili akitoka kanisani anaipindua baiskeli pale uani, siti na hendeli chini magurudumu juu, anafungua ekseli, anatoa gololi moja moja anaziosha na mafuta ya taa kwenye kifuniko cha debe, na kazi yangu ni kuzihesabu zisipotee, manake ikipotea moja hakuna pa kununua nyingine. Alafu anapaka grisi kwa kidole anazirudisha moja moja zikae kwenye duara, anafunga, anasukuma gurudumu kwa mkono na sisi wote tunanyamaza tusikilize. Likizunguka bila kelele anatikisa kichwa tu. Mpaka leo baiskeli yangu naisafisha hivo hivo, ingawa gololi saa hii zipo tele na bei ni ya chini, na fundi wangu aliye chini ya mwembe pale stejini anasema namnyima kazi.

Kuendesha nilijifunza kama watoto wote wa huku, kwa kupitisha mguu chini ya lile bomba la juu, mwili wote umeinama upande mmoja, mkono mmoja umekumbatia siti, pedeli inaenda nusu inarudi nusu kwa sababu mguu haufiki. Ukikua ndio unapanda juu ya bomba, na siku makalio yanakaa kwenye siti na vidole vya mguu vinagusa pedeli umeshakuwa mtu mkubwa. Wazee wengine wa kota walimfuata baba wakamwambia mtoto wa kike hapandi baiskeli, hatazaa huyo. Baba akawaambia nendeni upande wa Wateso muone kina mama wanaendesha kwenda sokoni na mtoto mgongoni, hao watoto wametoka wapi. Nilipoingia sekondari akaniachia ile Raleigh. Nina watoto wanne.

Sijui kama watu wanafikiria jinsi hii mashine ilivyo na akili. Umbo lake ni lile lile alilolitoa Muingereza Starley kule Coventry mwaka 1885, magurudumu mawili yanayolingana na mnyororo unaozungusha la nyuma, miaka mitatu baadaye Dunlop akaleta tairi la upepo, na tangu hapo kwa kweli hakuna kikubwa kilichobadilishwa kwenye hizi baiskeli zetu za kawaida, iwe Raleigh ya Muingereza, Hero ya Mhindi, Phoenix ya Mchina au Roadmaster tunazonunua siku hizi. Fundi mwenye spana mbili na bakuli la maji anaitengeneza. Kitu gani kingine tulicho nacho kinatengenezeka chini ya mwembe kwa bakuli la maji?

Na nchi hii baiskeli imeibeba, wazee wenzangu wanajua. Miaka ya sabini bei ya kahawa ilipopanda duniani baada ya baridi kuua mibuni ya Brazil mwaka 1975, serikali ya hapa inalipa kidogo na upande wa Kenya wanalipa vizuri, kahawa ilikuwa inavuka usiku kwa baiskeli kwenye njia za panya, gunia kwenye keria, taa imezimwa. Siisifu magendo, nasema tu familia nyingi huku zilikula kwa sababu ya baiskeli wakati pesa haina thamani. Na kazi ya boda ambayo leo imejaa Afrika Mashariki yote ilianzia hapa hapa mpakani, Busia na Malaba, vijana wanabeba watu na mizigo kati ya ofisi ya mpaka ya huku na ile ya ng'ambo, na ilianza kwa baiskeli yenye kiti cha sponji kwenye keria. Pikipiki zimekuja baadaye. Hawa vijana wa pikipiki wanaotusukuma pembeni leo kazi yao wameirithi kwa baba zao waliokuwa wanapiga pedeli, ningependa wakumbuke hilo wakati wanatupita kwa kushoto bila kupiga honi.

Tukumbuke pia 2020. Machi 25 usafiri wa umma umesimamishwa, Machi 30 ata gari binafsi zimezuiwa, boda marufuku kubeba mtu, na mara nchi nzima ikakumbuka kuna baiskeli. Kampala watu wa suti walikuwa barabarani na baiskeli, wanatoka Kireka, Bweyogerere, wengine Mukono huko. Manesi walienda zamu kwa baiskeli. Hapa Tororo fundi wangu alikuwa na foleni ya watu wanaotoa baiskeli za babu zao stoo, zimejaa buibui, wanataka zitembee kesho. Barabara ilikuwa kimya unasikia ndege, na kwa mara ya kwanza maishani niliendesha katikati ya lami kama mtu mwenye haki. Alafu lokidauni ikaisha na kila mtu akasahau. Ikaja Januari 2022, madereva wa malori wamegoma mpakani kwa ajili ya kulipishwa vipimo vya korona, foleni kutoka Malaba imerudi kilomita na kilomita, mafuta hayaingii, petroli sehemu zingine imefika shilingi 10,000 lita moja. Mimi nilipita kando ya ile foleni kila asubuhi nikaingia kazini kwa wakati, na bosi wangu ambaye ana gari alikuja kwa miguu. Tena watu wakasema aisee baiskeli. Tena mafuta yakashuka, wakasahau.

Kinachoniuma ni kwamba serikali yenyewe ilishakubali kwa maandishi. Sera ya usafiri usiotumia injini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ipo tangu mwaka 2012, inasema watembea kwa miguu na waendesha baiskeli wafikiriwe tangu barabara inapochorwa. Sio ombi langu mimi mama wa Tororo, ni sera ya nchi. Kampala wamejaribu, pale Namirembe Road na Luwum Street wamejenga njia ya watu wa miguu na baiskeli, nimeenda nikaiona kwa macho yangu, ni fupi na wachuuzi na boda wanaibana lakini ipo, imeonyesha inawezekana ata katikati ya ule msongamano. Sasa Mbale, Soroti na Lira zimekuwa majiji tangu Julai 2020, Jinja pia, na kwa jinsi ninavyoona majiji haya yanataka kufanana na Kampala haraka iwezekanavyo. Mimi nasema hapana, kwenye hili Kampala ndio inatakiwa iwatazame nyie. Kampala inahangaika kuwarudisha watu kwenye baiskeli na nyie mnao tayari, hawajaondoka, wako barabarani asubuhi hii. Kuwaweka ni rahisi kuliko kuwafukuza alafu miaka ishirini baadaye mkope pesa za kuwarudisha.

Kuna jambo lingine la geti, na hili lina hasira zaidi naomba mnivumilie. Kuna ofisi moja ya umma siitaji, nilikuwa napeleka fomu za kazini kwetu. Mbele yangu kuna gari, askari kijana anapitisha kile kioo chenye mpini chini ya gari, anazunguka, anapiga saluti, geti linafunguka. Mimi nafika, nashuka, nasalimia. Ananiambia mama baiskeli haiingii, iache ng'ambo ya barabara. Namuuliza kwa nini, anasema ndio amri. Namwambia mwanangu, hii huna ata haja ya kioo, chini yake unapaona. Akaona aibu, nilimuona, sio yeye aliyetoa amri. Nikaiacha ng'ambo nimeifunga kwenye nguzo ya umeme na nilikaa ndani kwenye foleni roho yangu iko nje, kila dakika nasimama dirishani. Hiyo ni ofisi ambayo robo tatu ya watu waliokuwa kwenye foleni walikuja kwa miguu na baiskeli, na uwanja wake wote umechorwa mistari ya magari, na nyingi ya nafasi zenyewe ziko tupu. Sehemu moja ya gari inaingia baiskeli kumi. Chuma cha kuzifungia ni bomba la maji lililokunjwa na kuchomelewa, sisi dukani tunaliuza, mchomeleaji yeyote wa mtaani anamaliza kabla ya chakula cha mchana. Kwahiyo sio pesa. Ni kwamba mtu akikaa ofisini anaona baiskeli ni uchafu mbele ya geti lake. Hospitali, benki, kata, shule za mabweni siku ya kutembelea watoto, ni yale yale, na mzazi aliyekuja kwa baiskeli kilomita thelathini na mzigo wa mtoto wake anasimamishwa nje kama mwizi.

Septemba 2025 nilikaa mbele ya televisheni kuangalia mashindano ya dunia ya baiskeli Kigali, ya kwanza kufanyika Afrika, siku ya mwisho wanaume wanaendesha kilomita 267 na vile vilima, wanapanda ule mlima wa mawe wa Mur de Kigali na Pogačar wa Slovenia anawaacha wote. Nililia, sioni aibu kusema. Na mwaka wa kabla yake kijana wetu Charles Kagimu alikuwa Olimpiki ya Paris anaendesha na bendera ya Uganda kifuani. Vijana kama hao hawatoki hewani, wanatoka kwa watoto wanaoenda shule kwa baiskeli na madumu ya maji, na hao watoto ndio nawaona kila asubuhi wanakwepa mawe ya malori. Umoja wa Mataifa nao uliweka Juni 3 iwe siku ya baiskeli duniani, ilikuwa 2018. Kwa bahati ni siku yetu ya Mashahidi wa Uganda na wote tuko kwenye hija Namugongo kwa mwili au kwa moyo, na hapo hatuwezi kushindana wala hatutaki. Lakini Juni 4 ipo. Meya yeyote anaweza kutoka ofisini siku hiyo akaendesha nasi mpaka mwisho wa mji wake, hatachukua ata saa moja, na akirudi atakuwa anajua ukingo wake uko hali gani kuliko ripoti yoyote.

Ninachoomba sio kikubwa. Lori lisiegeshwe kwenye ukingo, trafiki wapo na sheria ipo, na mpakani watengewe sehemu ya kutosha ya kulaza magari wapumzike kama watu, manake madereva nao nawahurumia, safari ni ndefu. Anayeweka mawe ayatoe. Kontrakta akimaliza lami, ule mshuko wa pembeni ujazwe udongo na ushindiliwe kabla hajalipwa pesa ya mwisho, sio baada. Kila ofisi ya umma iwe na chuma cha kufungia baiskeli ndani ya geti, karibu na askari. Na wazazi wenzangu, mtoto wa kike akiomba baiskeli mpeni, msimpe nauli tu, manake nauli ya kila siku kwa boda mnajua wenyewe inavyowaingiza wasichana wetu kwenye madeni na maneno ya vijana wa stejini, na wengi ndio wanaishia hapo shule. Baiskeli yake mwenyewe haimdai kitu.

Nyie gazeti mna waandishi. Mtumeni mmoja asimame njia ya Malaba, nje kidogo ya mji, kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili asubuhi siku ya kazi, ahesabu baiskeli zinazoingia mjini, ahesabu na malori yaliyoegeshwa juu ya ukingo, alafu mchape hizo namba mbili kwenye ukurasa mmoja na mhandisi wa barabara mumpe nafasi ya kujibu.

Wenu,
Mama wa baiskeli, Tororo